Tupeane uzoefu: picha ikitoka kwa mhariri kuja kwenye meza ya sauti

Wadau, nafanya sauti za filamu. Mhariri wa picha yuko kwenye programu kama Premiere, Avid au DaVinci Resolve, mimi niko Pro Tools, programu ya sauti, na hapo katikati ndipo kazi nzuri huharibika. Yaliyokukuta tuambie, na ulivyojinasua.

Naanza mimi. Niliwahi kuletewa filamu ambayo dakika ya kwanza midomo na maneno vinakwenda pamoja, lakini kufika mwisho mtu ameshafunga mdomo ndipo neno linasikika. Pengo likikua polepole namna hiyo, usihangaike kusogeza sauti, kagua kasi ya fremu. Video ilikuwa imegeuzwa kuwa fremu 24 kwa sekunde, AAF ya sauti (faili linaloleta klipu za sauti na mpangilio wake kutoka kwa mhariri) ikabaki 23.976. Ni sehemu moja ya elfu, ila ndani ya saa moja inazaa sekunde 3.6! Niliomba video itolewe upya kwa kasi ileile iliyohaririwa, mambo yakakaa sawa.

Mdau wa 2: Mkuu, ndiyo maana mimi nadai bipu, mlio mfupi wa kulinganishia sauti na picha. Filamu inaanza kwenye taimukodi (saa:dakika:sekunde:fremu) 01:00:00:00, bipu ya fremu moja inakaa 00:59:58:00, na nyingine baada ya fremu ya mwisho. Navuta karibu hadi nione wimbi la bipu limelalia fremu yake. Ya mwanzo ikikaa na ya mwisho ikapishana, najua ni kasi. Zikipishana zote kwa kiasi kilekile, ni suala la kusogeza tu.

Mdau wa 3: Langu ni AAF isiyo na ziada, yaani sauti ya akiba kabla na baada ya kila mkato. Kila klipu ilikatwa pale pale neno linapoishia, pumzi ya mwigizaji imekatwa katikati, na sina hata nusu sekunde ya kufifisha. Ilibidi nifukue rekodi za mwanzo, klipu kwa klipu. Siku hizi naomba sekunde kadhaa kila upande kabla hata ya kuzungumza malipo. Na OMF, aina ya zamani ya faili la kazi hiyohiyo ya AAF, muwe nayo macho, ikifika GB 2 imegota.

Mdau wa 4: Ombeni video ya ProRes au DNxHD, miundo inayohifadhi kila fremu kivyake. Video nyingi za muundo wa H.264 huhifadhi fremu kwa kutegemeana, ukirudi nyuma fremu mojamoja kompyuta inasuasua. Taimukodi nayo ichapwe juu ya picha.

Asanteni sana. Na wale wanaoletewa mabadiliko picha ikiwa imeshafungwa, yaani uhariri wake ulishatangazwa umekwisha, mnaipangaje upya sesheni yenu?