Kwa nini maji ya chumvi na sukari yalichelewa kumfikia mgonjwa?

Msomaji wa Tanga

Ndugu zangu, nikiulizwa ni ugunduzi gani wa sayansi ninaouthamini kuliko mwingine wowote, nautaja ule uliozaa pakiti ya ORS, hiyo ambayo mama huikoroga katika lita moja ya maji safi na salama akamnywesha mtoto anayehara. Naupenda kwa sababu umemfikia hata yule asiyejua kwamba mna sayansi ndani yake.

Liko jambo moja, hata hivyo, linalonitatiza. Kipindupindu kilipoingia Uingereza mwaka 1831, William O'Shaughnessy alichunguza damu ya wagonjwa akaona imepungukiwa maji na chumvi, na mwaka uliofuata Thomas Latta, daktari wa Scotland, akaanza kuwatia wagonjwa maji ya chumvi mishipani. Kumbe tatizo lilikwisha kujulikana, na chumvi na sukari havikuwa vitu adimu. Ilikuwaje basi ikapita zaidi ya miaka 130 kabla ya kuthibitishwa kwamba mgonjwa huyo anaweza kutibiwa kwa kunywa tu?

Mwalimu wa Bayolojia

Kilichokosekana ni kujua sukari ina kazi gani. Maji matupu na maji ya chumvi waliyonyweshwa wagonjwa yalipita tumboni yakatoka, hivyo madaktari wakaamini kwamba utumbo umeharibika na hauwezi tena kufyonza kitu. Imani hiyo ilikuwa na mantiki yake, lakini haikuwa kweli. Sumu ya bakteria wa kipindupindu haiui seli za utumbo mwembamba. Huzilazimisha kumwaga chumvi ndani ya utumbo bila kukoma, na maji huifuata chumvi popote iendapo. Wakati huohuo sumu hiyo huiziba njia ya kawaida ambayo chumvi ya chakula huingilia mwilini.

Agosti 1960, katika mkutano wa wanasayansi mjini Prague, Mmarekani Robert Crane alieleza kwamba utumbo una njia nyingine, ambayo glukosi, aina ya sukari, na sodiamu iliyomo ndani ya chumvi huingia kwa pamoja. Leo tunajua kwamba njia hiyo ni protini iliyopachikwa kwenye utando wa seli, na kwamba kila molekuli moja ya glukosi huvuka ikifuatana na ioni mbili za sodiamu. Mlango huo sumu ya kipindupindu haiugusi. Mgonjwa anaweza kuwa anapoteza hadi lita moja ya maji kwa saa, na bado mlango uko wazi, unamngoja atakayeleta sukari na chumvi kwa pamoja.

Crane hakuwa akitafuta dawa ya kuhara. Alitaka kujua sukari inafyonzwa vipi, basi. Wanafunzi wangu huniuliza mara kwa mara wana haja gani ya kujua kinachopita kwenye utando wa seli, nami huwachorea mlango huu ubaoni, kisha nawauliza ni nani kati yao hajawahi kunyweshwa ORS.

Tabibu wa Mwanza

Mwalimu ameeleza vizuri. Naongeza kwamba hata baada ya hapo njia haikunyooka. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wagonjwa kadhaa walifariki mjini Manila katika jaribio ambalo mchanganyiko wake ulikuwa mzito kupita kiasi, na hofu ikawarudisha watu nyuma. Mwaka 1968, mjini Dhaka, madaktari vijana David Nalin na Richard Cash walifanya jambo ambalo kila muuguzi angelielewa: walipima kilichomtoka mgonjwa, wakamrudishia kiasi hichohicho kwa kinywa. Mahitaji ya dripu yalipungua kwa takriban asilimia 80. Hata hivyo wakubwa wengi wa tiba waliendelea kushikilia kwamba dawa hiyo ni ya hospitalini, chini ya macho ya wataalamu.

Vita vya ukombozi wa Bangladesh, mwaka 1971, ndivyo vilivyoumaliza ubishi huo. Wakimbizi kwa mamilioni walivuka kuingia India, kipindupindu kikawafuata, na huko Bangaon, karibu na mpaka, Daktari Dilip Mahalanabis alijikuta na wagonjwa waliolala sakafuni huku chupa za dripu zikiisha. Yeye na wenzake walipima gramu 22 za glukosi, gramu 3.5 za chumvi ya mezani na gramu 2.5 za magadi kwa kila lita, wakajaza mapipa yenye bomba, na ndugu za wagonjwa wakawa wanakuja na vikombe vyao kukinga. Vifo, ambavyo vilikuwa vinakaribia 30 kwa kila wagonjwa 100, vilishuka chini ya 4. Walionywesha walikuwa mama, kaka na shangazi wa wagonjwa. Nadhani ucheleweshaji ambao ndugu yetu anauulizia ulikuwa na sehemu mbili, ya kutojua na ya kutomwamini mama, na hii ya pili ndiyo inayoniuma.

Mwaka 1978 jarida la Lancet liliandika kwamba kugundua uhusiano huo wa sodiamu na glukosi huenda ndiyo hatua kubwa kuliko zote za tiba katika karne ile.

Muuguzi Mstaafu

Nimehudumu katika kambi za kipindupindu, kwenye vile vitanda vilivyotobolewa katikati na ndoo chini yake. Mtoto huletwa macho yamedidimia, utosi umebonyea; ukimfinya ngozi ya tumbo inabaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa. Aliyezimia anahitaji dripu, hilo halina mjadala. Lakini anayeweza kumeza, mpe mama kijiko na kikombe. Kijiko kimoja kila dakika moja au mbili. Akitapika, ngojeni dakika kumi, kisha mwanze tena polepole zaidi. Baada ya saa chache utamwona analia machozi, na muuguzi yeyote wa wodi ile atakwambia jinsi machozi yale yanavyofurahisha.

Msomaji wa Tanga

Shikamoo Mama. Nawashukuru nyote. Huku kwetu pakiti ikikosekana wengi humpa mtoto soda au madafu. Je, si sukari na chumvi pia?

Muuguzi Mstaafu

Marahaba, mwanangu. Soda ina sukari nyingi mno na chumvi kidogo sana, na sukari ikizidi huyavuta maji kutoka mwilini kuyarudisha utumboni, kwa hiyo kuhara huongezeka. Madafu yana potasiamu ya kutosha ila sodiamu yake ni haba. Hata pakiti zenyewe zilipunguzwa ukali mwanzoni mwa miaka ya 2000, baada ya kuonekana kwamba mchanganyiko mwepesi zaidi unamfaa mtoto, na siku hizi zahanati humpa pia vidonge vya zinki vya siku 10 hadi 14.

Pakiti ikikosekana kabisa, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Kila kijiko kisawazishe kwa mgongo wa kisu, kisirundikane. Mwendelezee mtoto kunyonya na kula, na umpeleke zahanati. Kabla hujampa, onja wewe kwanza: yakizidi machozi kwa chumvi, mwaga ukoroge upya.