Kikao kizima kimya, maneno yote koridoni

Mgeni_07:
Habari wakuu. Timu ina watu 9. Kwenye kikao nikiuliza "kuna mwenye swali?" wote kimya, tukitoka tu, maneno koridoni. Sanduku la maoni lipo, tupu. Nianzie wapi kujenga usalama wa kisaikolojia, yaani mtu aseme swali, wasiwasi au kosa bila kuogopa kuaibishwa, bila kulegeza nidhamu?

Mzee wa Vikao:
Anza kwa kuacha swali hilo. Anayenyoosha mkono hapo anakiri mbele ya wenzake kwamba hajaelewa, nani atake? Uliza: "Katika mpango huu, hatua ipi itakwama kwanza?" Wape dakika 3 kila mtu aandike, kisha zungukeni mmoja mmoja mkianzia na wa cheo cha chini. Wewe sema mwisho. Bosi akishatoa maoni, yanayofuata ni mwangwi.

Halafu kuna zile sekunde chache mtu anapoleta habari mbaya. Wengine wote wanakusoma uso. Ukifungua na "kwa nini hukusema mapema?", umewafunga midomo kwa miezi. Sema: "Asante kwa kuleta. Limefika wapi, na unahitaji nini?" Ya nani kakosea yangoje moto uzimwe.

Bi Takwimu:
Niongeze la kupima. Amy Edmondson, mtafiti wa Harvard wa usalama huu wa kisaikolojia, kwenye utafiti wake wa 1999 alitumia dodoso la kauli 7, na baadhi zimekaa kinyume, kama ile ya kwamba ukikosea kwenye timu hii kosa hilo unabebeshwa. Geuza alama za kauli hizo (anayekubali sana apate alama ya chini) kabla ya kujumlisha, la sivyo wastani utakudanganya. Kwa watu 9 usiulize umri, jinsia wala miaka kazini: maswali mawili ya hivyo, na mwandishi keshajulikana.

Pia taarifa za makosa zikiongezeka, usishtuke. Edmondson huyohuyo, kwenye wodi za hospitali, alikuta timu zenye uongozi mzuri ndizo zinazoripoti makosa mengi ya dawa. Mimi sanduku tupu ndilo lingenitia hofu.

Mgeni_07:
Na mzembe je?

Mzee wa Vikao:
Tenganisha. Kuna aliyejaribu njia mpya ikashindikana, kuna aliyepitiwa, na kuna aliyeruka kwa makusudi utaratibu anaoujua. Huyo wa tatu ana adhabu, na litamkwe mapema. Wakipitiwa watatu palepale, kagua fomu au zamu, siyo watu. Kuficha kuadhibiwe zaidi ya kukosea.

Sanduku ama uliondoe, ama kila karatasi ijibiwe ubaoni ndani ya siku 7, hata kama jibu ni "haiwezekani, kwa sababu hii".