Wakili mpya: nihamie Dar au Arusha?

Habari wakuu. Niko Mwanza, nimeshaapishwa uwakili. Nina ofa mbili: ofisi ndogo Posta, Dar, na nyingine Arusha yenye mshahara mnono kidogo. Nataka kubobea kwenye kesi za biashara. Nipime vipi?

Mwanasheria_Upanga: Kwa kesi za biashara, njoo Dar. Divisheni ya Biashara ya Mahakama Kuu ina makao yake makuu hapa, na Mahakama ya Kisutu unafika kwa miguu kutoka Posta. Ila kabla ya kusaini uliza: nitasimama mwenyewe mbele ya hakimu, au nitabeba mafaili na kuomba ahirisho tu? Jibu likiwa la kuzungukazunguka, mshahara wowote ni mdogo.

Mama Shauri: Arusha ina Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na ile ya Afrika Mashariki, lakini kesi zake hazimfikii wakili mchanga kirahisi. Usihamie kwa sababu ya majengo hayo.

Kaka Temeke: Piga hesabu ya kodi, mdogo wangu. Wenye nyumba wengi Dar wanataka miezi 6 mkupuo. Chumba cha 200,000 ni 1,200,000, dalali naye anachukua ya mwezi mmoja: 1,400,000 hata godoro hujanunua. Ukikimbilia Mbagala kwa unafuu, foleni ya asubuhi itakula muda. Kesi ikiitwa saa 3 haupo, shauri la mteja linaweza kufutwa. Muulize pia mwajiri nani analipia leseni yako, maana inaisha 31 Desemba kila mwaka.