Naomba ushauri: wasifu wa mchoraji Elizabeth Thompson

Wakuu, habari zenu. Naandaa wasifu mfupi wa Elizabeth Thompson, mchoraji Mwingereza wa enzi za Malkia Victoria, nimekwama. Mwaka 1874 picha yake ya askari waliochoka hoi katika vita vya Crimea ilivuta umati kwenye maonyesho ya Royal Academy (chama cha wasanii cha London) hadi akawekwa polisi kuilinda, na Malkia mwenyewe akaichukua. Mwaka 1879 akapigiwa kura ya kuwa mwanachama wa Academy hiyo, akakosa kwa kura 2. Mbili tu jamani! Tayari alikuwa ameolewa na ofisa wa jeshi, akawa anahamahama naye. Mwenzangu anasema ndoa ndiyo iliyomfifisha. Mimi nawalaumu wale wanaume wa Academy. Niegemee wapi? Nawasilisha Ijumaa.