Yule wa "hongera kwa shamba" amenifikisha mwisho, na leo sinyamazi

Ndugu zangu, ninaandika nikiwa bado ufuoni Dunga, mikono ikinitetemeka kwa hasira wala si kwa baridi. Simtaji mtu, kwa sababu nyote mnamjua: ni yule yule ambaye maoni yake hufika kabla ya habari yenyewe, na ambaye siku akifa atakuwa ameshalikosoa jeneza lake.

Asubuhi niliweka kwenye kundi letu la mtaa picha ya magugumaji yaliyofunika upande wetu wa Ghuba ya Winam, hapa Ziwa Victoria, nikaeleza kwa aya tatu kwamba mashua yangu imenaswa tangu Jumatatu, kwamba nyavu zimo majini na sina njia ya kuzifikia, na kwamba naomba watu sita wenye mapanga waje tufungue njia. Sekunde tisa baadaye akajibu: "Hongera kwa shamba, ila sukuma wiki zako zimekosa mbolea."

Hongera kwa shamba! Mimi, ambaye sijawahi kumiliki hata kopo la maua! Tena anasema zimekosa mbolea, mtu aliyekulia kando ya ziwa hili linalosumbuliwa na gugu hilo tangu miaka ya 1990, na ambaye kila siku anaona mito ikilimwagia mbolea ya mashamba pamoja na maji taka. Mbolea ndiyo iliyoninasa! Ingekosekana kweli, saa hizi ningekuwa nimeuza mbuta wangu na kurudi nyumbani.

Tangu 2023, WhatsApp humpa mtu dakika 15 za kusahihisha ujumbe aliokwisha kuutuma. Muda huo unatosha kusonga ugali na kuula, achilia mbali kufungua picha na kuona omo la mashua likichungulia katikati ya hizo "sukuma". Yeye aliutumia kuongeza: "Umwagilie jioni."

Nilimwagilie ziwa! Na kwa kuwa jibu lake lilitangulia, waliokuja baadaye walisoma lake wakaliacha langu, hata mama mmoja akaniuliza fungu ni shilingi ngapi. Hongera kwa shamba! Panga hata moja halijafika.

Mama Omena: Pole, mwanangu, lakini picha hiyo nimeiona, na theluthi yake ni kidole chako. Mimi ndiye niliyeuliza bei.

Jirani wa Kondele: Kaka, kama unataka mapanga, anza na neno "mapanga". Wewe aya nzima ya kwanza ulitusimulia ndoto uliyoota Jumapili.

Msema Kweli wa Nakuru: Afadhali wewe. Maji ya Ziwa Nakuru yalipopanda mwaka 2020, nilituma kwa jamaa zangu picha ya sebule yangu iliyofurika, viti vikielea. Shemeji yangu, bila kusoma hata neno moja, akauliza kiingilio cha kuogelea ni pesa ngapi kwa watoto.

Mwana wa Shinyalu: Hayo ni madogo. Mimi nilituma picha ya fahali wangu wa kupigana, nikiwaalika watu waje kumshangilia Jumamosi. Binamu yangu akauliza kilo ni pesa ngapi, na kabla sijamjibu, watu wanne walikuwa wameshaagiza maini.

Mama Omena: Fahali mwenyewe alishinda?

Mwana wa Shinyalu: Alishinda, mama, lakini hakuna aliyeuliza hilo. Wa maini wananidai mpaka leo.

Jirani wa Kondele: Kwani walilipa kabla?

Mwenye uzi: Jamani, mashua bado imenaswa, na jua linazama.

Mgeni 07: Sijasoma yote, lakini kwa sukuma za namna hiyo jaribu samadi ya ng'ombe. Naona hapo kuna mtu ana fahali.