Mbegu za giligilani: kwa nini unga wake haukunukia?

Mpishi wa Jinja
Ndugu zangu, mimi hupika pilau na mchuzi wa nyama kwenye harusi. Mwezi uliopita nilinunua unga wa giligilani katika duka moja, nao haukutoa harufu yoyote, ilhali marehemu bibi alipotwanga punje nzima kinuni, majirani walijua kinachopikwa kabla sufuria haijafunuliwa. Je, kosa ni la unga au ni langu? Na giligilani ndiyo dania hii ya sokoni?

Hajati wa Kampala
Mwanangu, kosa si lako. Mmea ni mmoja: dania ni majani yake mabichi, na giligilani ni tunda lake lililokauka. Tumezoea kuliita mbegu, lakini ukiiminya punje moja itapasuka vipande viwili, na kila kipande kina mbegu yake ndani. Mafuta yenye harufu, ambayo sehemu yake kubwa ni kemikali ya harufu iitwayo linaloli, yamehifadhiwa humo. Ganda likivunjwa huanza kuruka hewani, kwa hiyo unga uliokaa dukani miezi mingi hubaki rangi tu. Nunua punje nzima, zikaange bila mafuta kwa moto mdogo mpaka zigeuke rangi kidogo, uziache zipoe, kisha utwange zile za siku hiyo peke yake.

Uwezo huo wa punje nzima kukaa muda mrefu ndio uliozisafirisha mbali. Punje zake zilikutwa katika kaburi la Farao Tutankhamun, aliyefariki zaidi ya miaka 3,300 iliyopita. Wagiriki wa kale waliandika jina lake kwenye vibao vya udongo. Na katika Kiebrania cha kitabu cha Kutoka, sura ya 16, mana inafananishwa nazo. Huku kwetu zilienea sana kupitia maduka ya Wahindi, yaliyoongezeka bara baada ya reli ya Mombasa kufikia ziwa letu mwaka 1901.

Mkulima wa Mukono
Naongeza la shambani: kabla ya kupanda, zisugue punje taratibu zigawanyike, uziloweke usiku kucha. Jua likiwa kali mmea hukimbilia kutoa maua, jambo linalomkera muuza dania, ila wewe unayetaka punje litakufaa.

Mpishi wa Jinja
Asante sana, Hajati. Nimekaanga kiganja kimoja jioni hii, na binti yangu ametoka chumbani kuuliza kama bibi amerudi.