Ushirika wa Jirani, Rabai

Mama Rehema 18:04: Bwana asifiwe wapendwa. Karisa ameomba kurudi darasa la kipaimara. Kasisi amekubali, ila anataka mtu wa ushirika asome naye kila wiki. Nani? Naomba jibu leo leo.

Mama Rehema 18:31: Naona mmesoma kumi na mmoja. Semeni.

Baba Furaha 18:40: Asifiwe mama. Si hii ni mara ya tatu?

Mama Rehema 18:41: Ni ya tatu.

Shangazi Dama 18:52: Na vile viti vya Pasaka, alipewa nani avirudishe? Wengine hatujasahau.

Baba Furaha 18:53: Viti vilirudi, dada.

Shangazi Dama 18:53: Vilirudi pungufu.

Tsuma 18:55: Kukiwa na mahamri na mbaazi za nazi, mimi mwenyewe narudia kipaimara 😂

Mama Kadzo 18:56: 😂😂 Tsuma na tumbo lake

Mama Rehema 19:02: Jamani, naongea habari za roho ya mtu. Mara zote mbili tulimpa kitabu, tukamwambia tuonane Jumapili. Nani alienda kukaa naye? Someni Luka 13. Mtini ulikaa miaka mitatu bila tunda, na mtunza shamba alipoomba mwaka mmoja zaidi aliahidi kuupalilia na kuutia samadi. Sisi Karisa tumemngoja tu, jembe hatujashika.

Mwalimu wa Darasa 19:20: Kweli. Ila 1 Wakorintho 4:2 inadai uaminifu. Tusimsimamishe mbele ya askofu kwa kumhurumia.

Mama Rehema 19:21: Sijasema asimamishwe mwaka huu. Nimesema asiachwe peke yake, hata ikichukua miwili.

Babu 20:47: Mjukuu amenisomea. Mmisionari Rebmann alifika hapa Rabai 1846. Akaondoka 1875, macho hayaoni. Miaka yote hiyo hakurudi kwao, na waliobatizwa walikuwa wachache sana. Krapf aliyemtangulia alizika mke na mtoto Mombasa 1844, na bado akaja huku. Sisi mara ya tatu tu tumechoka? Dama, viti nitalipa mimi.

Shangazi Dama 21:15: Babu, usilipe chochote. Nimesikia.

Mama Kadzo 21:17: Lakini mnajua Karisa yumo humu? Aliongezwa Jumapili.

Karisa 22:08: Shikamoo Babu. Shikamooni wazazi. Nimesoma yote. Jumatano nachelewa kutoka kazini, Alhamisi jioni naweza. Atakayesoma nami naomba asikasirike nikiuliza. Ile mara ya pili niliuliza kwa nini mama alikufa na sote tulikuwa tunamwombea, nikaambiwa ninyamaze, niamini. Darasa niliacha. Kusali sijaacha.

Babu 22:15: Marahaba mwanangu. Hilo swali usilitupe. Njoo nalo.

Mama Rehema 22:19: Pole Karisa. Alhamisi mimi nina kikao cha akina mama. Nani ana nafasi Alhamisi?

Baba Furaha 22:40: Ngoja niangalie zamu zangu za kazini, nitajibu kesho.

Tsuma 22:41: Mbaazi naleta, hiyo si mzaha. Tunakutana kwa nani?